Mwongozo kamili: Kutengeneza nyaya za kupimia zisizokudanganya mezani

Malalamiko ni yaleyale. Simu imefungwa kwenye pawa saplai, inawaka, inafika kwenye nembo, inazima, inaanza upya. Fundi anabadilisha IC ya pawa (chipu inayogawa umeme kwenye ubao), hali ni ileile. Au mita inasoma volti 12, ukigusa waya inasoma 9, ukiuachia inarudi 12. Mara nyingi ubao hauna kosa lolote. Kosa liko kwenye nyaya zilizonunuliwa kwa fungu, kumi kwa bei ya soda.

Hapa tutatengeneza nyaya za kulishia umeme, za kupimia, na chache za kazi maalumu, kisha tuzipime kwa namba. Kazi yote inaisha mchana mmoja, ukiwa na vifaa mezani kabla ya kuanza.

Onyo kabla ya yote. Nyaya za mwongozo huu ni za volti ndogo: betri, pawa saplai ya mezani, sola ya volti 12 au 24. Usizidishe volti 60 za DC (umeme wa upande mmoja, kama wa betri) au 30 za AC (umeme unaogeuka mwelekeo, kama wa ukutani). Umeme wa ukutani haumo. Upande wa volti kubwa wa pawa ya TV, chaja au inveta nao haumo, kwa sababu kapasita kubwa pale hubeba karibu volti 325 na huweza kubaki na chaji hata baada ya plagi kuchomolewa. Kwa kazi hizo nunua nyaya zenye plagi iliyofunikwa mpaka mwisho, zilizoandikwa CAT III (daraja la usalama la vifaa vya kupimia) na volti zake, kutoka kwa muuzaji unayemwamini.

## Vifaa

- Waya laini wa silikoni, mwekundu na mweusi, unene wa AWG 18 (kipimo cha Kimarekani cha unene wa waya, karibu milimita 0.75 za mraba), mita 2 kila rangi
- Waya mwembamba wa nyuzi nyingi, karibu milimita 0.25 za mraba, mita 2
- Plagi za banana za milimita 4, nne
- Klipu za mamba za milimita 35, nne, pamoja na mipira yake
- Mpira wa kusinyaa kwa moto, saizi mbili au tatu
- Risasi ya kulehemu ya 60/40 au 63/37 (asilimia za bati na za madini ya risasi) yenye fluksi ndani, yaani dawa inayosaidia risasi kushika chuma, na fluksi ya elektroniki pembeni
- Kifaa cha kulehemu chenye ncha bapa ya milimita 3 hivi
- Msasa laini, wembe, plaizi, sumaku ndogo
- Sindano mbili za kushonea na kalamu mbili zilizoisha wino
- Kishikizi cha fyuzi ya gari na fyuzi za ampia 3 na 5
- Mita, na pawa saplai yenye kikomo cha ampia kama unayo

Fluksi ya mafundi bomba iache dukani. Ina asidi, na asidi hiyo huendelea kula shaba chini ya mpira miezi baada ya wewe kumaliza kazi.

## Hatua ya 1: Amua waya unakwenda kulisha au kupima

Wengi huruka swali hili, na hapo ndipo wanapopotelea.

Waya wa kupimia volti haubebi mkondo wa maana. Mita nyingi za kidijitali zina ukinzani wa omu milioni 10 ndani, kwa hiyo hata waya mwembamba sana hausababishi kosa la kuonekana. Pale unachotaka ni ncha kali na mguso usioteleza.

Waya wa kulishia ni habari nyingine. Tuseme jozi yako ya bei ya chini ina ukinzani wa omu 0.5, kwenda na kurudi. Simu ikivuta ampia 2 wakati wa kuwaka, volti 1 nzima inapotelea njiani. Pawa saplai inaonyesha 4.0 na wewe unaiamini, kumbe ubao unapata 3.0. Simu nyingi hujizima kabla ya kufika huko. Ndiyo ile inayokufia kwenye nembo.

Kwa hiyo usitengeneze "waya wa kazi zote". Tengeneza jozi ya kulishia na jozi ya kupimia, na uziweke tofauti.

## Hatua ya 2: Chagua waya, na uukague kabla ya kulipa

Silikoni nimeipendekeza kwa sababu mbili. Ganda lake linavumilia joto la nyuzi 180 na zaidi, hivyo halirudi nyuma likigusana na kifaa cha kulehemu. Pili, shaba yake ni ya nyuzi nyembamba sana: waya wa AWG 18 kwa kawaida una nyuzi 150 za milimita 0.08. Waya wa birika la umeme wenye shaba ileile kwa jumla una nyuzi 24 tu za milimita 0.2. Zote zinapitisha mkondo sawa, ila ule wa nyuzi 24 ni mgumu, unavuta ubao mezani na unakatika mapema. Usipopata silikoni, wa birika utafaa. Ukikosa hata huo, waya wa spika wa shaba halisi.

Neno *halisi* hapo lina uzito. Kariakoo ya Dar na Luthuli ya Nairobi kumejaa waya wa alumini uliopakwa shaba juu. Kwarua uzi mmoja kwa wembe: ukiona weupe ndani, uache. Pitisha na sumaku pia, maana wengine hutumia chuma kilichopakwa shaba. Kipimo cha tatu ni moto wa kiberiti cha gesi: uzi mwembamba wa alumini hulegea na kuvunjika haraka, wa shaba hung'aa mwekundu na kubaki. Muuzaji akikataa usikwarue, umeshapata jibu.

Waya wa nyumba wenye uzi mmoja mnene hautakiwi hapa, wala wa kebo ya mtandao. Ukipindwa mara kadhaa mahali pamoja unakatika ndani huku ganda likiwa zima, na hutauona.

Kata vipande vya sentimita 60. Kwa meza ya kawaida vinatosha, na kila sentimita unayoongeza ni ukinzani unaoulipia.

## Hatua ya 3: Chagua viunganishi

Plagi ya banana. Angalia sehemu inayoingia kwenye soketi. Aina iliyopasuliwa tu katikati hupoteza ukakamavu baada ya muda na kuanza kucheza. Chukua yenye bati za springi zilizotuna kuzunguka pini. Ichomeke kwenye mita dukani: inatakiwa kuingia kwa kusukumwa kidogo, na ukiinua waya mita isogee nayo.

Nyingi hubana waya kwa skrubu ya pembeni. Usiupake risasi waya unaokwenda chini ya skrubu. Risasi ni laini. Ikikaa chini ya shinikizo hujisogeza polepole, na skrubu uliyoikaza leo baada ya wiki kadhaa imelegea yenyewe. Vesha waya feruli, yaani kile kijibomba chembamba cha kubana nyuzi, au ukunje shaba tupu mara mbili kisha ukaze. Mimi hununua zenye mkia wa kulehemu na kusahau habari za skrubu.

Klipu ya mamba. Bonyeza na utazame meno yanavyokutana. Yakipishana, irudishe. Igusishe sumaku: ikinasa ni chuma kilichopakwa nikeli, inafaa mpaka ampia 2 au 3. Juu ya hapo tafuta ya shaba. Klipu za bei ya chini huja na waya uliobanwa tu bila kulehemu, mara nyingine wamebana ganda lenyewe, na nyuzi mbili tatu ndizo zinazogusa chuma. Vua mpira wa moja utaona mwenyewe.

Kwa walio Dar, Tanga, Mombasa na Unguja: hewa ya chumvi hula nikeli hafifu haraka. Klipu yenye madoa ya kutu dukani itakusumbua kabla ya msimu kwisha.

## Hatua ya 4: Lehemu klipu ya mamba

Fanya polepole moja ya kwanza, zilizobaki zitakwenda zenyewe.

1. Vesha kwanza. Pitisha mpira wa klipu kwenye waya, kisha vipande viwili vya mpira wa kusinyaa, kimoja cha sentimita 4 na kingine cha sentimita 2. Visukume mbali, sentimita 20 kutoka mwisho, ili joto lisivikunje kabla ya wakati. Ukisahau hapa utafumua kila kitu baadaye.

2. Menya milimita 8. Zungusha wembe juu ya ganda bila kufika kwenye shaba, kisha vuta. Hesabu kwa macho nyuzi zilizokatika. Zikiwa zaidi ya chache, kata urudie. Waya wa kutosha unao. Sokota nyuzi kufuata mzunguko wake wa asili.

3. Safisha mkia wa klipu. Piga msasa mpaka pang'ae, paka fluksi kidogo, uweke risasi. Joto la nyuzi 350 mpaka 370 linatosha. Tumia ncha bapa: ncha ya sindano haina joto la kubeba kipande kikubwa cha chuma, na utakaa juu yake mpaka springi ipoteze nguvu.

4. Paka risasi nusu ya mbele tu ya shaba. Hapa tazama kwa makini sana. Risasi ikiyeyuka haikai ulipoiweka. Inapanda katikati ya nyuzi, unaona rangi ya fedha ikitembea kuelekea kwenye ganda, na usipoisimamisha itaingia chini ya ganda ambako huioni. Sehemu iliyonywa risasi inakuwa kijiti kigumu. Kijiti kinapokutana na waya laini, kila unapopinda pinda hutokea palepale, na nyuzi hukatika moja baada ya nyingine. Bana shaba kwa ncha ya plaizi mahali ganda linapoishia. Plaizi inanyonya joto na risasi inasimama hapo. Zibaki milimita 3 za shaba laini isiyo na risasi.

5. Unganisha. Laza waya juu ya mkia wa klipu, gusa kwa ncha yenye risasi kidogo, sekunde 2 au 3, ondoa. Usitikise wala kupuliza mpaka igande.

6. Kunja masikio. Klipu ina mabawa mawili madogo nyuma. Yakunje yabane ganda la waya, siyo shaba. Kazi yake ni kupokea mvuto ili kiungo cha risasi kisivutwe.

7. Sinyaza. Kipande kifupi kwanza, kikianzia juu ya kiungo. Kirefu juu yake, kikipita mbele kwenye waya. Waya sasa unatoka mgumu, unakuwa wa wastani, kisha laini, hivyo pinda husambaa badala ya kukaa mahali pamoja. Rudisha mpira wa klipu.

Ukifanikiwa utaona hivi: risasi imetambaa na kingo zake zimekuwa nyembamba kama maji yaliyolowesha bati, na umbo la nyuzi bado linaonekana chini yake. Ikiwa imekaa kama kidonge cha duara, joto halikufika kwenye chuma. Ongeza fluksi upashe tena. Risasi ya kulehemu isiyo na madini ya risasi ndani yake hubaki na ukungu hata ikiwa nzuri, kwa hiyo usihukumu kwa mng'ao peke yake.

Upande wa banana utaratibu ni uleule. Vua ganda la plastiki la plagi kabla ya kupasha, vinginevyo litayeyuka na pini itakaa upande.

Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula. Tunakula kwa mkono, na risasi haitoki kwa kujifuta kwenye suruali. Weka feni ndogo ikisukuma moshi pembeni, usiwe usoni kwako.

## Hatua ya 5: Probu za sindano

Probu zilizokuja na mita ni nene mno kwa ubao wa simu. Zikiteleza kidogo zinagusa laini mbili na umepata shoti.

Kwarua nyuma ya sindano kwa msasa, paka fluksi, lehemu waya mwembamba. Chuma cha sindano wakati mwingine hukataa risasi. Kwarua zaidi, pakwarue hasa. Pitisha ndani ya kalamu, acha sentimita 1.5 ya sindano nje, jaza gundi ya kuchanganya mbili na uache ikauke. Kisha visha sindano mpira mwembamba wa kusinyaa ubaki wazi milimita 2 tu mwishoni. Hizo milimita 2 ndizo zitakazokuokoa unapopima kati ya kapasita mbili zilizosongamana. Mwisho wa pili wa waya weka banana.

Sindano inatoboa utandu wa kinga na fluksi iliyokauka, kitu ambacho probu butu haiwezi. Lakini ni za kusoma volti na kutafuta shoti kwa baza (mlio wa mita) tu. Usizipitishe ampia.

## Hatua ya 6: Nyaya za kazi maalumu

Jeki ya DC ya ruta na kamera. Hapa wengi wanaangushwa na kitu kisichoonekana kwa macho. Plagi mbili zina upana uleule wa nje, milimita 5.5, lakini tundu la ndani la moja ni 2.1 na la nyingine 2.5. Plagi ya 2.1 haiingii kwenye pini ya 2.5, hiyo utaijua mara moja. Ile ya 2.5 kwenye pini ya 2.1 inaingia vizuri tu, kisha inashika na kuachia, na kifaa kinajizima ukikigusa. Tengeneza zote mbili, uzifunge utepe wa rangi tofauti. Pima kwa mita kama chanya iko ndani au nje kabla ya kuchomeka kitu cha mteja.

Pini za ubao. Kwa bao zenye safu za pini zilizoachana milimita 2.54, tumia waya wenye soketi ndogo za plastiki. Usizilehemu, zinahitaji koleo yake ya kubania. Nunua zilizobanwa kiwandani, ukate upande mmoja na uunge banana.

Betri. Waya wowote unaoanzia kwenye betri ya gari, ya sola au ya lithiamu uwe na fyuzi, na fyuzi ikae sentimita chache kutoka kwenye chanya ya betri. Pawa saplai ina kikomo, betri haina. Klipu mbili zikigusana waya unawaka mwekundu mkononi mwako. Ampia 3 zinatosha kazi nyingi za mezani.

Osiloskopu, kile kifaa cha kuchora mawimbi ya umeme. Hapa usijitengenezee. Probu yake imerekebishwa ndani, waya wa kawaida utakuchorea mawimbi ambayo hayapo.

## Hatua ya 7: Pima kazi yako kwa ampia 1

Baza ikilia haithibitishi chochote zaidi ya kwamba waya haujakatika. Nayo mita ya kawaida kwenye omu haiwezi kusoma vizuri chini ya 0.1, na sisi tunatafuta kidogo kuliko hapo.

Weka pawa saplai kwenye volti 3, kikomo ampia 1. Chomeka jozi yako na uzibanishe klipu nyekundu na nyeusi pamoja. Sasa ampia 1 inapita. Weka mita kwenye milivolti za DC, probu moja kwenye chuma cha terminali ya pawa saplai, nyingine kwenye meno ya klipu ya waya huohuo. Kwa ampia 1, kila milivolti 1 ni sehemu moja ya elfu ya omu.

- Milivolti 15 mpaka 25 kwa waya wa sentimita 60: safi. Shaba peke yake inachukua karibu 14.
- 25 mpaka 50: kiungo kimoja ni hafifu, au klipu ni ya chuma dhaifu.
- Zaidi ya 50: usiutumie kulishia.

Ukitaka kujua kosa liko wapi, sogeza probu: pima banana peke yake, kisha mkia wa klipu mpaka kwenye meno. Namba inaporuka, hapo ndipo pa kulehemu upya.

Huna pawa saplai yenye kikomo? Tumia betri ya volti 12 yenye fyuzi ya ampia 5, na taa ya breki ya gari ya wati 21 iliyounganishwa kwa mfululizo na waya wako. Taa hiyo inavuta karibu ampia 1.75, kwa hiyo gawanya milivolti ulizosoma kwa 1.75.

Mkondo ukiwa bado unapita, pinda waya karibu na kila kiungo, pande zote, huku ukitazama namba. Isitoke ilipo kwa zaidi ya milivolti moja au mbili. Ikirukaruka, hapo kuna nyuzi zilizokatika au kiungo baridi (kilicholehemiwa bila joto la kutosha), hata kama kwa nje panapendeza. Mwisho shika viungo vyote kwa vidole baada ya dakika 5. Kisiwepo chenye joto kuliko kingine.

## Hatua ya 8: Kutunza

Zitundike kwenye misumari, zisizungushiwe kwenye mita. Kuzungusha huku ukivuta ndiko kunakoua shingo ya probu. Chomoa kwa kushika plagi. Futa meno ya klipu kwa msasa laini yakififia.

Rudia kipimo cha ampia 1 kila mwezi, na siku yoyote ubao unapokuletea tabia usizozielewa, *kabla* ya kushika kifaa cha kulehemu. Waya ukizidi milivolti 50, kata sentimita 3 kutoka kwenye kiungo kibovu na ulehemu upya. Ukiona shaba chini ya ganda imekuwa ya kijani, kukata hakutasaidia kwa sababu kutu imesafiri ndani. Utupe wote, ubaki na plagi na klipu.

Na probu nyekundu irudi kwenye tundu la volti kila unapomaliza kupima ampia. Ikibaki kwenye tundu la 10A na ukapima betri, hapo huo waya wako mzuri wenye ukinzani mdogo ndio utakaounguza fyuzi ya mita.